Kisanduku cha Kunyamazisha Mbwa: Majuma Sita ya Kukijaribu Bwiru

Kwa majuma sita nimetumia kisanduku kinachouzwa kwa ahadi ya kuwanyamazisha mbwa kwa sauti ambayo binadamu haisikii. Nilikilipia shilingi 68,000 katika duka moja la vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza, na kwa kuwa najua siko peke yangu ninayekosa usingizi kwa ajili ya mbwa wa jirani, naona ni haki nieleze kwa kirefu yaliyotokea. Anayetaka jibu la haraka alipate hapa: kisanduku hakikumaliza tatizo langu. Aliyelimaliza, kwa sehemu kubwa, ni daktari wa mifugo aliyekaa nasi kwa muda wa saa moja na nusu na kulipwa chini ya nusu ya bei ya kisanduku hicho.

Mimi ni muuguzi, na kila mwezi ninafanya zamu za usiku kwa majuma mawili. Ninatoka wodini saa 2:00 asubuhi, ninafika nyumbani Bwiru saa 3:00, na muda wangu wa kulala ni kuanzia hapo hadi saa 8:00 mchana. Anayeifahamu Bwiru anajua jinsi nyumba zetu zilivyopanda mlima katikati ya mawe. Mawe hayo, ambayo wageni huja kuyapiga picha, yana tabia moja ambayo mkazi huijua kuliko mgeni, nayo ni kurudisha sauti. Mtu akipigilia msumari nyumba ya chini, wa nyumba ya juu husikia mara mbili. Mbwa akibweka mbele ya jabali, sauti hugonga mwamba, ikarudi ukutani, ikaingia dirishani ikiwa imekwisha kuongezeka, na kwa siku kadhaa za mwanzo nilidhani kwa dhati kwamba mbwa ni wawili. Alikuwa mmoja tu: Simba, dume la rangi ya kahawia la jirani yangu wa nyumba ya chini.

Muuguzi aliyekosa usingizi mchana ndiye atakayepima dawa ya mgonjwa usiku unaofuata. Kuna usiku nilijikuta nikisoma lebo moja ya chupa mara tatu kabla sijaelewa kilichoandikwa. Nilimwita mwenzangu akahakiki, na hakuna mgonjwa aliyepata madhara, lakini kesho yake asubuhi sikupita nyumbani. Nilishuka mjini nikaenda dukani.

Kisanduku chenyewe ni cha plastiki ya kijivu, ukubwa wake kama redio ndogo ya betri, na nyuma kina tundu la kukitundika kwenye msumari. Mbele kuna kinasa sauti, tundu la kutolea sauti, taa ndogo nyekundu, na kitufe cha kuzungusha chenye ngazi tatu zilizoandikwa mita 5, mita 10 na mita 15. Kinatumia betri ya mraba ya volti 9. Kinavyofanya kazi si jambo gumu kulielewa. Sikio la binadamu mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyosonga. Mbwa husikia hadi karibu mitetemo 45,000. Kinasa sauti kikisikia mbweko, kisanduku hutoa mlio mkali ulio juu ya uwezo wa sikio letu, mbwa hukerwa, hunyamaza, na inatarajiwa kwamba baada ya siku chache atakuwa ameunganisha kubweka kwake na kero hiyo, hivyo ataacha.

Siku ya kwanza niliamini kabisa. Nilikitundika kwenye ukuta wa nyuma, mita kama 12 kutoka kwa Simba, nikasimama dirishani. Alibweka, taa nyekundu ikawaka, akakatiza mbweko katikati na kuinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu aliyeitwa jina lake asijue ni nani amemwita. Siku hiyo nililala saa nne mfululizo. Siku ya pili hali ilikuwa hiyo hiyo, na ya tatu pia, ingawa alikuwa akinyamaza kwa muda mfupi zaidi. Ilipofika siku ya tano alikuwa akibweka na taa ikiwaka, akiendelea kubweka na taa ikiwaka tena, kana kwamba mlio ule umekuwa sehemu ya kelele za kawaida za mtaa.

Nilidhani nimekiweka mahali pabaya, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Sauti ya mitetemo mingi namna hiyo hufifia haraka hewani, na haizunguki kizuizi kama sauti nzito inavyozunguka. Ikikutana na ukuta wa tofali inaishia hapo, na nyuma ya ukuta panabaki kimya. Kati yangu na Simba kuna ukuta wa tofali za saruji unaofika kifuani. Mbweko wake unauruka ukuta huo bila shida, ukasaidiwa na mawe, lakini mlio wa kisanduku haukuwa na njia ya kumfikia kila alipolala chini upande wa pili. Muuzaji hakuniuliza kama kuna ukuta, na mnunuzi yeyote ajiulize swali hilo kabla ya kutoa fedha.

Kwa hiyo nilikihamishia juu ya jabali moja lililo uani, mahali ambapo kinamwona Simba moja kwa moja. Hapo ndipo nilipogundua kasoro ambayo naiona ni kubwa kuliko zote. Kinasa sauti hakitofautishi mbweko na kelele nyingine. Kuku wangu akitetea baada ya kutaga, taa inawaka. Bodaboda ikipanda mlima kwa gia ya kwanza, taa inawaka. Siku moja ilinyesha mvua, na kwa muda wote matone yalipokuwa yakigonga bati taa ile iliwaka na kuzimika bila kupumzika. Simba, aliyekuwa amejikunyata chini ya mwembe bila kutoa sauti yoyote, alikuwa akiadhibiwa kwa ajili ya mvua. Mnyama anayeadhibiwa akibweka, akaadhibiwa pia akinyamaza, hana analoweza kujifunza isipokuwa hofu, na mbwa mwenye hofu hubweka zaidi.

Wengine nao waliumia. Jirani wa nyumba ya juu ana mbwa jike mzee, mpole, ambaye kwa miaka yote niliyokaa hapa hulala barazani. Katika juma la pili alihama akawa analala nyuma ya choo. Mpwa wangu wa miaka 9, aliyekuja kukaa nasi wakati wa likizo, aliniuliza ni filimbi gani inayolia uani. Mimi sikusikia kitu. Nilipozungusha kitufe hadi ngazi ya mita 15 aliziba masikio kwa viganja, nikaelewa kwamba kwenye ngazi hiyo mlio unashuka hadi kiwango ambacho masikio ya watoto bado yanakinasa. Kwa nyumba yenye watoto hilo peke yake linatosha kukifanya kisifae.

Kuhusu duka nitasema kwa ufupi. Betri iliisha baada ya siku kumi na moja, kwa sababu ya zile kelele za mvua na bodaboda. Niliporudisha kifaa muuzaji alikataa kurejesha fedha, akanishauri ninunue mkanda wa shingoni unaotoa mshtuko wa umeme, bei shilingi 95,000, nimpelekee jirani kama zawadi. Sikununua. Mikanda ya namna hiyo ilipigwa marufuku huko Wales mwaka 2010 kwa sababu ya maumivu inayomsababishia mnyama, na hapa kwetu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili dhidi yao. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, sioni ningesimama vipi mbele ya jirani yangu na zawadi ya aina hiyo mkononi.

Katika juma la tatu nilifanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: nilichukua daftari la shule la mpwa wangu nikaandika, kwa siku saba, kila Simba alipoanza kubweka na alipoacha. Nilikuwa nikisema anabweka mchana kutwa. Daftari halikusema hivyo. Lilionyesha vipindi vitatu vinavyojirudia: kuanzia saa 11:15 alfajiri kwa muda wa nusu saa, kuanzia saa 1:00 hadi saa 2:00 asubuhi, watoto wanapopita kwenda shule, na kile kilichoniua mimi, kuanzia saa 4:30 hadi karibu saa 7:30 mchana, mbweko mmoja mmoja wa sauti ile ile, wenye kupumzika kidogo na kuanza tena. Jioni ni kama hakubweka kabisa. Usiku alibweka mara chache, na kila mara kulikuwa na sababu.

Mwenye Simba ni mama wa makamo anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Huondoka saa 11:00 alfajiri ili awahi mzigo, na hurudi saa 12:00 jioni. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya ibada.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, mbona unasimama mlangoni?”

Nilimweleza kwa upole nilivyoweza. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja: “Simba wangu abweke mchana? Mimi nikirudi namkuta amelala, mkia tu ndio unaotikisika.” Hakuwa anajitetea. Hakuwahi kuisikia sauti ile, kwa sababu ilianza baada ya yeye kuondoka na kwisha kabla hajarudi. Nilikuwa nimerekodi dakika kumi kwenye simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni, akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno, na ilipokwisha akaniomba nimwekee tena. “Huyu analia,” akasema. “Huyu habweki, analia.”

Yeye ndiye aliyependekeza tumwite bwana mifugo, na mimi nikasema nitachangia nusu. Gharama ya kumwita ilikuwa shilingi 25,000 pamoja na nauli ya bodaboda kutoka Pasiansi.

Sasa niseme juu ya huduma hiyo, kwa maana ndiyo ninayoisifu. Daktari alifika saa 4:00 asubuhi, muda mfupi kabla ya mbwa kuanza kubweka, kama nilivyomwomba kwa simu baada ya kumsomea daftari. Hakumgusa mbwa kwanza. Alichuchumaa kando ya mlango wa jikoni, akaomba wote tunyamaze na mimi nizime kisanduku changu, akatazama kwa robo saa nzima. Kisha akatuonyesha vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Simba alikuwa amefungwa kwa mnyororo wa urefu wa hatua mbili kwenye shina la mwembe. Kuzunguka shina hilo ardhi ilikuwa imekanyagwa hadi ikawa ngumu na laini kama sakafu, duara kamili, na nje ya duara nyasi zimesimama. Sufuria yake ya maji ilikuwa kwenye nyasi, nje ya duara kwa shubiri moja, imepinduka. Kila asubuhi mama alimjazia maji kabla ya kwenda Mwaloni. Kila asubuhi mnyororo uliisukuma sufuria hadi ikatoka mahali anapofika, na saa 4:30, jua linapotoka nyuma ya jabali na kivuli cha mwembe kuhama, mbwa alibaki juani bila maji. Tukalinganisha na daftari, na saa zilikuwa zile zile.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafunika uso kwa kanga.

Daktari hakumlaumu. Alisema wengi hufunga mbwa mchana kwa imani kwamba ndivyo atakavyokuwa mkali usiku, lakini mbwa anayebwekea kila kitu hamwambii mwenye nyumba chochote, na siku mwizi atakapokuja hakuna atakayeamka. Alimkagua masikio, meno na ngozi, akamtoa kupe, akaonyesha sehemu ya shingo ambapo mnyororo umekula manyoya, akaipaka dawa. Aliuliza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa kuwa mwaka ulikuwa umepita, akamchanja hapo hapo. Alieleza pia jambo ambalo kila mkazi alijue: mbwa ambaye sauti yake inabadilika ghafla, ikawa ya kukwaruza au kama aliyekabwa, asichukuliwe kuwa ni msumbufu tu, kwa sababu hiyo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo, na mtu asimkaribie bali atoe taarifa. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo. Kama muuguzi nilifurahi kusikia mtu akilisema hilo kwa sauti mbele ya watoto waliokusanyika getini.

Matengenezo yalikuwa mepesi. Tulifunga waya mnene kutoka mwembe hadi nguzo ya banda, mita 9, na mnyororo sasa unateleza kwenye waya huo kwa pete, hivyo Simba anaweza kukifuata kivuli. Mahali pa mnyororo kugusa shingo pamewekwa mkanda mpana wa ngozi. Sufuria imetupwa, na badala yake kuna chungu kizito kilichozikwa nusu ardhini. Sehemu ya chini ya geti ilikuwa ya nondo tupu, akawa anaona kila mguu unaopita. Imezibwa kwa kipande cha bati. Chakula chake, ugali wenye dagaa waliovunjika, alikuwa akipewa jioni tu. Sasa sehemu yake hutolewa alfajiri, na mtoto wa kaka yake mama humtembeza hadi ufukweni na kurudi kabla ya kwenda shule. Vifaa vyote vilitugharimu shilingi 21,000. Daktari alisisitiza jambo moja zaidi, ambalo lilinigusa mimi: nisimpigie kelele dirishani, kwa sababu mbwa anayesikia mtu akipaza sauti huona amepata mwenzake wa kubweka naye. Anyamazapo ndipo aitwe jina lake kwa upole na kutupiwa kitu kidogo.

Niliendelea na daftari. Katika juma la kwanza baada ya matengenezo kipindi kile cha mchana kilishuka kutoka karibu saa tatu hadi dakika 40 kwa siku. Juma la pili kulikuwa na siku tatu ambazo sikuandika chochote kati ya saa 3:00 na saa 8:00. Kipindi cha alfajiri, mama anapoondoka, kimepungua lakini hakijaisha, na daktari alikwisha kusema kwamba huzuni ya kuachwa huchukua muda mrefu kuliko kiu.

Huduma hiyo nayo ina dosari zake. Aliahidi kuja Jumatatu akaja Jumatano bila kutujulisha, hakutoa risiti hadi nilipoiomba, na chanjo ililipiwa kando ilhali hatukuambiwa kwenye simu. Mtu anayemwita mtaalamu aulize gharama zote mapema.

Je, kisanduku kina mtu kinayemfaa? Nadhani kinaweza kumsaidia mwenye mbwa wake mwenyewe, katika uwanja usio na ukuta, akikitumia mita chache tu, akiwapo nyumbani kukizima mvua ikianza, na baada ya kuhakikisha kwamba mbwa ana maji, kivuli, nafasi na afya. Kwa mbwa wa jirani, asiyejulikana shida yake, sikishauri hata kwa nusu ya bei. Ningekipa nyota moja kati ya tano, na daktari ningempa nne.

Kwa wale ambao jirani yao hasikilizi, njia ipo: daftari lenye tarehe na saa, kisha balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji. Kelele zinazosumbua makazi zinahusika pia na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nawasihi kwa moyo wangu wote msimsikilize anayeshauri nyama yenye sumu. Nimewahi kumhudumia mtoto aliyeokota kisichomhusu, na sumu iliyotupwa uani haichagui kati ya mbwa, kuku, mwewe na mtoto anayetambaa.

Limebaki suala moja. Usiku ambao kuna jike anayetaka dume mtaani, Simba hulia hadi alfajiri, na waya, chungu na bati havisaidii kitu. Daktari ameshauri ahasiwe, akaeleza kwamba hilo litapunguza kutangatanga na kulilia majike, lakini halitamwondolea kazi yake ya kulinda, jambo ambalo mama alikuwa akiliogopa. Wamekubaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mimi nikiwa nimetoka zamu, ili niwepo kumshika. Gharama na matokeo yake nitayaongeza hapa jeraha likishapona.